Mwenye Kuchora Njia ya Mbio



Mtume Paulo alipenda kuwaandikia Wakristo wake kwa mfano wa mkimbiaji, nasi wahubiri tumeutumia mfano huo miaka nenda miaka rudi. Tumemsema mkimbiaji, tumelisema taji, tumewasema na watazamaji. Sijapata kusikia mahubiri hata mara moja juu ya mtu aliyefika kabla yao wote, akiwa na kamba ya kupimia na mfuko wa chokaa, akaamua mbio zianzie wapi, zipinde wapi na zikome wapi. Jina lake haliandikwi popote. Hata hivyo, kabla baragumu haijalia, yeye amekwisha kuamua nani ataweza kushiriki, nani atabaki pembeni, na nani atakuwa hatarini.

Juma hili nimelazimika kumfikiria mtu huyo. Vijana wa huku kwetu, kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, wameniletea ramani waliyoichora kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi nne zilizounganishwa kwa gundi. Wanataka kuandaa mashindano ya triathloni na duathloni, nao wameniomba niwe mlezi wa kamati yao. Ramani ni nzuri, ina rangi, ina mishale, na ziwa limetiwa buluu ya kupendeza. Nimeitazama siku nne mfululizo. Leo ningependa kuwashirikisha yale niliyoyatafakari, kwa maana jambo hili linaonekana la michezo tu, kumbe ndani yake mna maswali ya uhai wa watu.

Kwa faida ya wale wasioufahamu mchezo huu, nieleze kidogo. Triathloni ni michezo mitatu inayofuatana bila mapumziko: kuogelea, kuendesha baiskeli, na kukimbia. Saa haisimami hata mshiriki anapojifuta maji na kufunga viatu. Duathloni haina maji: mtu hukimbia, hupanda baiskeli, kisha hukimbia tena. Triathloni ya kiwango cha Olimpiki, iliyoingizwa katika Michezo hiyo kwa mara ya kwanza huko Sydney mwaka 2000, ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Ile fupi ni nusu yake: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Duathloni ya kiwango cha kawaida ni kukimbia kilomita 10, baiskeli 40, na kukimbia tena 5. Nayo fupi ni 5, 20 na 2.5. Kisha ziko zile ndefu za Ironman, ambazo humtaka mtu aogelee kilomita 3.8, aendeshe baiskeli kilomita 180, na kumalizia kwa marathoni kamili ya kilomita 42.2.

Yafaa kujua kwamba hizo ndefu zilizaliwa kutokana na swali la njia. Katika kisiwa cha Oahu, huko Hawaii, palikuwa na mashindano matatu mbalimbali: kuogelea huko Waikiki, kukizunguka kisiwa kwa baiskeli, na marathoni ya Honolulu. Ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, John Collins, pamoja na mkewe Judy, walitaka kuyaunganisha. Collins aliona kwamba mzunguko wa baiskeli, uliokuwa na urefu wa maili 115, yaani kama kilomita 185, ukipunguzwa maili 3 na kuendeshwa kinyume cha mwendo wa mishale ya saa, ungeweza kuanzia pale kuogelea kunapoishia, na kukoma pale marathoni inapoanzia. Tarehe 18 Februari 1978 watu 15 walianza safari hiyo, na 12 wakaimaliza. Mwaka 1981 mashindano yakahamishiwa Kona, katika kisiwa kikubwa cha Hawaii, ili kuyakimbia magari ya Honolulu.

Basi, ndugu msomaji, vipimo ambavyo leo wanamichezo huvitamka kwa heshima kubwa vilitokana na barabara zilizokuwapo mahali fulani. Nimewaambia vijana wangu jambo hilo kwa makusudi, kwa sababu walikuja wakisema, "Padre, lazima iwe kilomita moja na nusu majini, la sivyo si triathloni." Ikiwa Hawaii walipunguza maili 3 ili njia iungane vizuri, sisi nasi tunaweza kuanza kwa kuitazama nchi yetu ilivyo, halafu ndipo tutafute vipimo.

Nilipokuwa masomoni Marekani, majira mawili ya kiangazi nilipangiwa kusaidia katika parokia moja ndogo ya milima ya Adirondack, kaskazini mwa jimbo la New York. Si mbali na hapo upo mji mdogo wa Lake Placid, uliokuwa mwenyeji wa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mwaka 1932 na tena mwaka 1980. Tangu mwaka 1999 hufanyika hapo Ironman, Jumapili moja ya mwezi Julai. Mara zote mbili nilikwenda kutazama baada ya Misa, na kwa kuwa sikuwa na mshindani wa kumshangilia, nikajikuta naitazama njia yenyewe.

Kuogelea hakufanyiki katika ziwa lililoupa mji ule jina, bali katika ziwa dogo liitwalo Mirror Lake, ambalo nyumba na maduka ya mji yamelipakana. Waogeleaji hulizunguka mara mbili. Wamalizapo duru ya kwanza hutoka majini, hukimbia hatua chache juu ya mchanga, kisha hujitosa tena. Chini ya maji, kufuata mstari wa maboya, imepita kamba ya chuma iliyowekwa kwa ajili ya mashindano ya makasia, na mwogeleaji anayeiona kamba hiyo hahitaji kuinua kichwa kila mara kutafuta mwelekeo. Pande zote wamo watu wa uokoaji katika mitumbwi midogo. Nilistaajabia hekima ya ile hatua ya mchanga katikati. Wasimamizi hupata kumwona kila mtu usoni akiwa nusu ya safari, na aliyechoka hupewa nafasi ya kuacha akiwa amesimama juu ya nchi kavu.

Baiskeli nazo huenda duru mbili za kilomita 90. Barabara hutoka mjini, hupita kando ya minara ya kurukia theluji na maziwa ya Cascade, kisha huteremka kwa ukali mpaka kijiji cha Keene. Hugeuka kuelekea Jay na Wilmington, halafu hupanda taratibu kurudi mjini, ikiufuata mto Ausable chini ya mlima Whiteface. Vilima vya mwisho kabla ya mji vimepewa na washindani majina ya dubu: dubu mama, dubu mtoto, dubu baba. Mwenye kuichora njia ile aliuweka mteremko mkali mwanzoni, wakati miguu na akili bado vina nguvu, na mpando mrefu mwishoni, ambapo mchovu hupunguza mwendo na haanguki vibaya. Jiografia ndiyo iliyomwelekeza, naye aliitii.

Kukimbia ni duru mbili vilevile. Sehemu kubwa hupita katika barabara ya River Road, iliyo kimya na yenye miti na mto, ambako mshindani huwa peke yake na mawazo yake. Kisha hurudi mjini penye kelele na taa, na safari hukoma katika uwanja wa barafu ambamo Eric Heiden alishinda medali tano za dhahabu mwaka 1980. Muda wa mwisho ni saa 17 tangu mtu alipoanza kuogelea. Maana yake ni kwamba aliyeingia majini alfajiri anaweza kufika usiku wa manane. Nilikaa mpaka usiku ule. Washindi walikuwa wamekwisha kuoga, kula na kulala. Watu waliobaki uwanjani walikuwa wakiwapigia makofi mama mmoja mwenye mvi na kijana mnene aliyetembea akichechemea, na makofi hayo yalikuwa makubwa kuliko yale ya mchana. Hapo nilielewa faida ya duru mbili. Njia inayojirudia humfanya mtu wa mwisho asiachwe gizani kilomita 40 kutoka kwa binadamu mwenzake, na gari la wagonjwa lililoko katikati huweza kumfikia kila mmoja.

Jambo jingine nililifahamu kwa sababu ya kazi yangu. Siku ya mbio barabara zile hufungwa au hubanwa, na siku yenyewe ni Jumapili. Katika parokia yetu kulikuwa na bibi mmoja aliyeishi upande wa pili wa njia ya baiskeli. Nilipomwuliza kama hakasiriki kukosa Misa ya asubuhi, alicheka akaniambia, "Padre, wakati wa baridi njia yangu hufungwa na theluji, na Julai hufungwa na baiskeli. Theluji haijapata kuniuliza. Hawa wameniletea barua yenye saa na ramani, nami nimekuja kusali jana jioni." Nimelikumbuka neno lake mara nyingi. Barabara ina wenyewe hata kabla mbio hazijaja, na adabu ya kwanza ya mgeni ni kubisha hodi.

Njia nzuri vilevile ni ile iliyo tayari kubadilika. Tarehe 27 Julai 2014, mbio za Lake Placid zikiwa zimeanza, radi na umeme vilishuka juu ya Mirror Lake watu wakiwa majini. Wasimamizi waliwatoa. Wengi hawakuimaliza duru ya pili, lakini waliruhusiwa kuendelea na baiskeli na kukimbia. Kulikuwa na watu waliofanya mazoezi mwaka mzima kwa ajili ya siku hiyo, na bila shaka walisikitika. Ila walisikitika wakiwa hai. Hata Paris mwaka 2024, mbio za Olimpiki za wanaume zilizopangwa kufanyika Julai 30 ziliahirishwa hadi kesho yake, kwa sababu maji ya mto Seine hayakuwa safi. Na desturi ya mchezo huu ni kwamba maji yakikataa kabisa, triathloni hugeuzwa kuwa duathloni siku hiyohiyo. Yaani duathloni si mtoto wa kambo. Ni mlango wa pili, uliowekwa na watu wenye kujua kwamba maji yana hiari yao.

Sasa turudi nyumbani. Ziwa letu si Mirror Lake. Lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo lina mawimbi, mamba, viboko, konokono wa kichocho, na magugu maji yanayohamahama kwa upepo. Mwaka 1996 lilituchukulia ndugu zetu wa MV Bukoba, na mwaka 2018 wale wa MV Nyerere, karibu na Ukara. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu hapa, nimewazika vijana wawili waliokwenda kuoga tu. Kwa hiyo niliposhika ile ramani na kuona mshale mwekundu unaotoka ufukoni, unaelekea moja kwa moja kwenye kisiwa kidogo cha mawe, unakizunguka na kurudi, sikuweza kuutazama kama watu wengine wanavyoutazama.

Tuliitisha kikao Jumanne. Nilimwomba ahudhurie mzee mmoja mvuvi, ambaye amelala ziwani usiku mwingi kuliko alivyolala kitandani. Vijana walimwonyesha ramani kwa heshima. Aliikodolea macho, akauliza, "Mnaanza saa ngapi?" Wakajibu, "Shikamoo mzee, tunaanza saa kumi na mbili alfajiri, ziwa likiwa limetulia." Akaitikia, "Marahaba wanangu," kisha akaweka kidole juu ya matete ya ufukoni. "Hapa ndipo kiboko anaporudi majini saa hiyo. Usiku kucha amekula majani huku juu. Mkisimama kati yake na maji, mmesimama mlangoni kwake."

Halafu akawaeleza habari ya upepo. Usiku na asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likipanda, hugeuka na kutoka ziwani kuja nchi kavu. Mwogeleaji aliyechoka asubuhi hasukumwi nyumbani, anasukumwa mbali. Ile njia ya kwenda kisiwani ilikuwa inaanza upepo ukimsaidia mtu, na kumrudisha upepo ukimpinga, wakati nguvu zake zimekwisha. Mwenyekiti wa vijana, ambaye ndiye aliyeichora, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mzee, basi mstari uende sambamba na ufuko." Mzee akatikisa kichwa kukubali. "Sambamba na ufuko, na karibu. Anayechoka ageuke upande mmoja tu, akute nchi."

Nami niliongeza yale niliyoyasoma. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wakaao penye maji mafupi na mimea, na hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, karibu na adhuhuri. Kwa hiyo haifai kuingilia majini kwenye matete, bali gatini, penye kina na pasipo majani. Na haifai kungoja mchana. Aidha, wenzetu wa nchi za baridi huogelea wakiwa wamevaa mavazi ya mpira ambayo huwasaidia kuelea. Kanuni za mchezo haziwaruhusu washiriki wa kawaida kuyavaa katika mbio za mita 1,500 au pungufu, maji yakizidi nyuzijoto 22, na ziwa letu huzidi hapo kwa kawaida. Maana yake mshiriki wetu ataingia na mwili wake tu, bila cha kumwinua. Kila mtumbwi wa uokoaji unaopungua katika orodha ni lazima uhesabiwe kwa kipimo hicho.

Mnaona jinsi mambo yanavyokinzana. Kiboko anataka tusianze alfajiri; konokono anataka tusikawie; upepo unataka tusiende mbali; nayo magugu maji yanaweza kuja usiku mmoja na kuufunika mstari wote tulioutia maboya jana yake. Mwenye kuchora njia hukaa katikati ya hayo yote, na hana budi kuchagua.

Lakini neno lililonigusa kuliko yote halikutoka kwa mzee. Lilitoka kwa binti mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. Alisimama akasema, "Shikamoo Padre, shikamooni wazee. Mimi nakimbia. Shuleni nilikuwa wa pili wilaya nzima. Lakini sisi wasichana wengi hapa hatukufundishwa kuogelea. Kaka zetu walikwenda ziwani, sisi tukaambiwa tuchote maji turudi. Sasa ramani hii inaanzia majini. Mimi nimetolewa kabla sijaanza."

Hapakuwa na ubishi baada ya hapo, ingawa palikuwa na ukimya mrefu. Mtu anaweza kuishi hatua mia moja kutoka ziwani, akala samaki wake kila siku, na asijue kuelea. Hilo si kosa la yule binti, wala si la wale vijana waliochora; ni mazoea yetu sote tuliyoyakuta na kuyaendeleza. Hata hivyo, ramani ilikuwa imeyageuza mazoea kuwa kanuni. Kama tungeanzisha mashindano kwa mshale ule mwekundu, nusu ya vijana wa hapa wangekuwa watazamaji mpaka watakapozeeka, na tungesema kwa kujisifu kwamba mashindano ni ya wote.

Kijana mmoja alijitetea kwa kusema kwamba mashindano ya kando ya ziwa yasiyoingia ziwani ni kama harusi bila bibi harusi. Watu walicheka, nami nilicheka. Hoja yake ina uzito. Ziwa ndilo uzuri wetu, ndilo linalowavuta wageni, na sipendi vijana wetu waishi wakiliogopa. Tumeona majirani zetu wa Rwanda, mwezi Agosti 2022, wakiwakaribisha washindani wa Ironman nusu, yaani 70.3, mjini Rubavu, wakaogelea kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu. Inawezekana, basi. Lakini mambo yaliyowezekana Rubavu hayakuanza kwa mshale wa kalamu nyekundu. Yalitaka waokoaji, waganga, maboya na fedha ambazo sisi bado hatunazo.

Kikao kikaamua hivi. Mwaka huu tutafanya duathloni fupi: kukimbia kilomita 5, baiskeli kilomita 20, na kukimbia kilomita 2.5. Njia ya baiskeli itakuwa mduara wa kilomita 5 utakaozungukwa mara nne, ili wa mwisho asipotee na watu wamwone. Kwa kuwa magari yetu hupita kushoto, mduara utapinda kushoto tu, asiwepo mshindani wa kuikata barabara mbele ya lori. Kofia ngumu itafungwa kichwani kabla mtu hajaigusa baiskeli yake, kama kanuni zinavyotaka, na asiye na kofia ataazimwa. Baiskeli za kawaida zinaruhusiwa, hata zile zenye kiti cha nyuma cha kubebea mkaa, mradi breki zake zishike.

Triathloni haikufutwa. Imewekewa masharti. Kuanzia mwezi ujao, mwalimu mmoja wa shule ya sekondari, anayejua kuogelea na kuokoa, atawafundisha wasichana na wavulana katika ghuba ndogo iliyo nyuma ya gati, jioni mbili kwa juma, mtumbwi ukiwa karibu. Binti yule ndiye aliyeandikwa wa kwanza. Watakapofika watu 30 wanaoweza kuogelea mita 300 bila kugusa chini, ndipo tutakapoirudia ramani, na mstari utakuwa sambamba na ufuko, wa mita 300, si zaidi. Kama mwaka ujao hawajafika, tutangoja mwaka mwingine.

Yamebaki mambo ya barabara, nayo si madogo. Mduara tulioupanga unapita mbele ya zahanati. Hatuwezi kuufunga upande huo hata kwa saa moja, kwa sababu mama mwenye uchungu hasubiri mshindi apite. Kwa hiyo tumeusogeza ukapitia nyuma ya shule, ingawa huko kuna vumbi. Unakatiza mapito ya ng'ombe waendao kunywa maji, na wachungaji wamesema wazi kwamba ng'ombe hawasomi matangazo. Tumekubaliana mbio zianze saa mbili asubuhi, mifugo ikiwa imekwisha kupita. Mwanzo palipangwa Jumapili. Nilisema hapana, na si kwa ajili ya Misa peke yake. Jumapili ni siku ambayo wazee, akina mama wenye watoto mgongoni na vipofu wetu wawili wanaoshikana mikono huitumia barabara ile kwa miguu, na wanayo haki ya kuikuta ilivyo. Tumechukua Jumamosi isiyo ya gulio.

Kuna aliyeniuliza kwa nini padre ajishughulishe na kona za barabara na maboya. Ninamjibu kwamba sijui namna nyingine ya kuwapenda watu isiyopitia katika mambo ya aina hii. Ni rahisi kumwombea mshindani baraka wakati wa kuanza. Ni vigumu zaidi kukaa saa tatu juu ya ramani mkihesabu umbali kati ya mtumbwi na mtumbwi, huku mkijiuliza, "Yule dhaifu kuliko wote akishindwa hapa, nani atamwona?" Nimejifunza kuanza na mtu wa mwisho. Ukimchorea njia yule wa kwanza, wa mwisho ataumia. Ukimchorea wa mwisho, wa kwanza atapita bila shida, na bado atashinda.

Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, tutaipita njia yote kwa miguu, asubuhi saa kumi na mbili na nusu, tukianzia gatini. Tutakuwa na kamba ya kupimia, kwa maana simu hukosea mita nyingi penye kona, na tutapima kwa kufuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kuufuata. Mzee mvuvi atakuwapo. Nimewaomba pia mwenyekiti wa kijiji, muuguzi wa zahanati, wachungaji, vijana wa bodaboda, na akina mama wauzao samaki kando ya barabara. Mwenye nyumba inayopakana na njia, na asiyependa mbio zipite mlangoni pake, aje atuambie hapohapo. Kalamu ya risasi bado tunayo, na kifutio kipo.

Nawatakieni nyote juma jema.

Padre wenu